Wenye nyumba wa Dar: nani wa kumpa kodi ya miezi sita?

Chumba cha 80,000 kwa mwezi Dar es Salaam mara nyingi kinakutoa 560,000 kabla hujalala humo hata usiku mmoja: kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Kwa hela hiyo usiishie kukagua rangi na malumalu. Mkague na mwenye nyumba.

Alama za juu tunampa anayeishi humo humo, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na choo uani. Bomba likipasuka analiona mwenyewe, na choo kikijaa harufu inamfikia. Udhaifu wake ni umeme. Mita ni moja, mchango ni sawa kwa wote, na mwenye taa mbili anamlipia mwenye friji. Isitoshe, bei nafuu ya matumizi madogo, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi za serikali, inaishia uniti 75 kwa mwezi kwa mita nzima. Vyumba sita vinavuka hapo mapema, na kila uniti ya ziada ni zaidi ya mara tatu ya bei hiyo. Submita, yaani mita ndogo ya kila chumba, haishushi bei, ila kila mtu analipa alichotumia. Ijaribu kabla ya kutoa hela: zima kila kitu chumbani, chomoa hata chaja, kisha isome baada ya robo saa. Ikiwa bado inahesabu, huenda kuna chumba kingine kimechukua waya wako.

Mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo ni muungwana, hapandishi kodi ovyo. Lakini kodi ndiyo chakula chake. Ikishaingia imekwisha, na fundi atasubiri hadi miezi sita ijayo. Kwake tazama ukuta, futi mbili za chini. Rangi ikibanduka na kutoa unga mweupe, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Akikuahidi rangi mpya tu, ukuta utarudia hali ile ile masika yakifika. Mkubaliane kwa maandishi kwamba matengenezo ya lazima utayafanya wewe na kukata kwenye kodi.

Mwekezaji mwenye apatimenti na msimamizi anatoa mkataba na risiti bila kuombwa. Hilo ni jema sana. Muulize maji. Vyumba sita vikitumia ndoo nne za lita 20 kila kimoja, ni lita 480 kwa siku. Tangi la lita 1,000 halimalizi siku ya tatu mgawo ukianza. Muulize pia nani analipa gari la kunyonya choo. Mwenye kusubiri mvua ili atapishe choo mtaroni usipange kwake, hata chumba kiwe kizuri namna gani. Kipindupindu kinapitia humo humo.

Jambo moja wengi hawadai: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Anayepaswa kuibeba ni mwenye nyumba. Kama mita ni yako peke yako, umemlipia 18,000 kwa mwaka, na zinapaswa kutoka kwenye kodi yako ya pango. Itaje kwa upole siku ya mkataba. Jibu lake litakuonyesha mtakavyoelewana paa likivuja.

Nyumba ya urithi ndiyo ya kuogopa zaidi. Kaka anapokea kodi Januari, dada anakuja kuidai Machi, na wote wana haki machoni mwao. Usilipe mpaka uone barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na jina lililomo lilingane na kitambulisho cha anayepokea. Mpeleke mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Hela ipite benki au kwenye simu kwa jina hilo hilo, na ujumbe wa malipo usiufute.