LibreNMS kwa kupima poti za swichi: hesabu ni sahihi, ila dakika 5 ni ndefu

LibreNMS ni programu huria ya kufuatilia vifaa vya mtandao, haina malipo, na ilitokana na programu nyingine ya aina hiyo, Observium, mwaka 2013. Inafuatilia mambo mengi. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kukuambia poti (tundu la kuchomeka waya) ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao, imelemewa kiasi gani.

Swichi yenyewe haihesabu asilimia. Inahesabu baiti zilizoingia na zilizotoka. Programu husoma kaunta hizo kwa SNMP, itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao hali zao, huondoa hesabu ya usomaji uliopita kwenye hesabu mpya, huzidisha kwa 8 kupata biti, hugawanya kwa sekunde zilizopita, kisha hulinganisha na kasi ya poti. Penye kaunta ndipo wengi hukosea. Ile ya zamani, ifInOctets, ni ya biti 32: ikifika 4,294,967,295 inarudi sifuri. Poti ya Gbit 1 iliyojaa huimaliza kwa sekunde 34 hivi. Ukiisoma kila dakika 5, imeshazunguka zaidi ya mara nane, na grafu itakuonyesha mstari mtulivu usio na ukweli wowote. LibreNMS hutumia ifHCInOctets na ifHCOutOctets, za biti 64, bila kuambiwa. Ila lazima uiongeze swichi kwa SNMP v2c au v3, kwa sababu v1 haibebi kaunta za biti 64.

Kabla ya kuiongeza, jaribu kutoka kwenye seva:

snmpwalk -v2c -c NENO 10.0.0.2 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6

NENO ni neno la siri la SNMP, na 10.0.0.2 ni anwani ya swichi. Kimya kikitawala, angalia neno hilo, kisha kama ngome ya mtandao (firewall) inaruhusu UDP 161, mlango wa SNMP.

Grafu inasomeka vizuri: yanayoingia juu, yanayotoka chini. Usiyajumlishe. Poti ya Gbit 1 ina Gbit 1 kila upande, kwa hiyo asilimia yenye maana ni ya upande uliolemewa zaidi.

Udhaifu mkubwa ni wastani. Kwa kawaida programu husoma kila dakika 5. Poti ikijaa kabisa kwa sekunde 10 halafu ikatulia, grafu itaandika Mbit 33 kwa sekunde, yaani asilimia 3 tu, huku simu za ofisini zikikatika sauti. Ndiyo maana tunasisitiza: fungua pia grafu ya paketi zilizotupwa, ifOutDiscards. Zikipanda wakati matumizi yanaonekana madogo, foleni ya poti inafurika kwa vipindi vifupi.

Fremu (vifurushi vya data kwenye waya) zikiwa ndogo nazo hudanganya. Kila fremu huchukua nafasi ya baiti 20 zaidi kwenye waya ambazo kaunta haizioni. Poti iliyojaa fremu za baiti 64 itaonyesha takriban asilimia 76, na hapo haina nafasi hata ya fremu moja zaidi.

Laini ya intaneti ya Mbit 100 iliyochomekwa kwenye poti ya Gbit 1 haitavuka asilimia 10 hata ikijaa pomoni, na onyo la asilimia 80 halitalia kamwe. Rekebisha kasi ya poti hiyo kwa mkono kwenye mipangilio ya kifaa. Vilevile, baadhi ya swichi hubadilisha namba za poti zikiwashwa upya, na historia ya poti moja ikaangukia nyingine. Chagua utambuzi kwa ifName (jina la poti) badala ya ifIndex (namba yake) siku ile ile unapoiongeza swichi.

Kwa mwenye poti mbili tatu, MRTG, programu ya zamani ya kuchora grafu za poti, inatosha na ni nyepesi zaidi. Kwa mwenye swichi kumi na kuendelea, tunapendekeza LibreNMS bila kusita, isomwe kila dakika 1. Uamuzi huo ufanye kabla ya kuongeza kifaa cha kwanza: faili za RRD, zinazotunza historia ya grafu, zilizokwisha kuundwa kwa dakika 5 hazibadiliki zenyewe, itakubidi uzigeuze mwenyewe.