Kumfundisha mtoto uendeshaji wa klabu: kompyuta au timu ya mtaa?

Mzazi wa Nairobi anayetaka mwanawe aelewe jinsi klabu ya soka la kulipwa inavyoendeshwa ana njia mbili zilizo karibu: mchezo wa kompyuta wa kusimamia timu, au timu ya mtaa ambayo watoto wenyewe wanakabidhiwa daftari la hesabu.

Faida ya kompyuta ni upana. Mtoto huona kwamba kocha hafanyi kazi peke yake, kwamba mishahara hulipwa hata timu ikifungwa, na kwamba mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha huondoka bila klabu kupata ada ya uhamisho.

Hata hivyo, fedha za kwenye skrini haziumi. Katika timu ya mtaa wetu huku Kayole, mweka hazina wa miaka 11 alichora safu tatu daftarini, yaani nauli ya matatu, maji na mpira, akagundua Ijumaa jioni kwamba fedha zilitosha vitu viwili tu. Walijadiliana nusu saa nzima, wakaamua kwenda uwanjani kwa miguu. Sijaona kompyuta ikizua mjadala wa namna hiyo. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimefika mbali zaidi: timu zake hupata alama za ligi kwa kusafisha mtaa, na humo ndimo ilimochipuka Mathare United, mabingwa wa Kenya mwaka 2008.

Kwa walio chini ya miaka 12, ningeanza na daftari, kisha kompyuta ifuate watakapoanza kuuliza habari za mikataba.