Badwater 135: uzoefu wangu wa mbio za maili 135, yaani kilomita 217, za lami na joto

Nianze na viatu, maana ndivyo vilivyoniudhi. Vilinadiwa kuwa vya joto kali. Karibu kilomita ya 90, nikiukwea mlima wa Towne Pass, gundi ikaachia na soli ya kulia ikaanza kupiga lami kap, kap, kama ndala. Waliovitengeneza siwataji. Jozi ya pili ndiyo iliyoniokoa, tena kwa vile ilikuwa kubwa kwa namba moja, miguu ilishavimba.

Mbio zinaanzia Badwater Basin, ndani ya Death Valley, bonde la jangwa huko California, Marekani, mita 86 chini ya usawa wa bahari, usiku wa Julai. Nilidhani usiku ungekuwa nafuu. Wapi! Upepo wa bonde lile ni kama umefungua mlango wa tanuri. Jasho linakauka kabla hujaliona, unabaki na chumvi mikononi kama aliyepakwa unga. Na hapo ndipo nilipojidanganya: kwa kuwa sikulowa, nikanywa kidogo. Kulipopambazuka Stovepipe Wells, kilomita ya 67, mkojo ulikuwa matone mawili matatu, rangi ya chai. Ukizidiwa ukatundikiwa dripu, umeshatolewa mashindanoni, kwa hiyo afadhali unywe mapema.

Vituo vya maji havipo. Unakuja na gari lako na watu wako, na hao ndio mbio zenyewe. Wangu walikuwa wakisimama kila baada ya kilomita chache, wananifunga shingoni kitambaa kilichojazwa barafu, wananibadilishia kofia, wananifokea ninywe. Kama una hela ya kuongeza kitu kimoja, ongeza barafu.

Ushauri wa kukimbia juu ya mstari mweupe wa pembeni mwa barabara, usioshika joto kama lami nyeusi, una ukweli, nyayo zinapumua kidogo. Ila unakimbia kushoto, ukitazamana na magari, na ukingo wa barabara umeinama. Goti langu la kushoto lililipa.

Baada ya Towne Pass unashushwa tena hadi bonde la Panamint, joto upya, kisha kona za kupanda zisizoisha. Sehemu hiyo nilitembea, sioni aibu.

Kutoka mji wa Lone Pine zimebaki kilomita 21 za mlima mtupu hadi Whitney Portal, mwisho wa mbio, mita 2,530 juu ya usawa wa bahari. Ulikuwa usiku wa pili. Mimi niliyelilia barafu kutwa nzima nikaomba koti.