Lenzi ya kubana kwenye simu, ya nyigu wa buibui: mfu safi, mzima utalia

Nimeinunua Sh 25,000 duka la vifaa vya simu hapa Mtwara mjini, jamaa alianzia 40,000 tukavutana mpaka akachoka. Akaniapia eti utapiga hata jicho la sisimizi. Haya.

Siku ya kwanza nikaenda nayo Shangani, chini ya mkorosho nikamuona nyigu mweusi wa kung'aa mabawa rangi ya chungwa, anamburuta buibui kinyumenyume kwenye mchanga, buibui mwenyewe hajafa kapoozwa tu na mwiba, anaenda kuzikwa na yai moja juu yake. Nikasema leo leo! Kumbe lenzi inataka usogee karibu kama upana wa vidole viwili, na hawa nyigu hawatulii, wanakimbia huku wanachezesha mabawa muda wote, nimepiga picha 60 na kitu zote ukungu, nyingine mguu tu. Mama jirani ananipigia kelele mwanangu achana na hilo dondola, na hapo alikuwa na haki maana wale wakubwa wakikuchoma utasahau jina lako.

Sasa aliyekufa ndo utaipenda. Nilimkuta mmoja dirishani, nikamchoma pini nikamlaza ubavu karibu na mwanga wa mlango, aisee! Ule mstari unaokingama ubavuni kwenye kifua unaonekana kabisa, na huo ndo unakwambia huyu ni ukoo wa Pompilidae, yaani hao nyigu wa buibui, sio nyigu mwingine. Vipapasio nikahesabu vipande 12, kwahiyo jike, dume anakuwa na 13. Mishipa ya bawa pia inatoka vizuri ila ukingoni mwa picha inapinda, weka kitu chako katikati.

Ila msidanganyike na rangi, hayo mabawa ya chungwa wanayo wengi, mpaka wa jenasi tofauti (jenasi ni kundi la spishi za karibu), mimi nimeishia kusema jenasi ni Hemipepsis, spishi sijataja na sitaji kwa picha ya simu, hapo anatakiwa nyigu mwenyewe chini ya hadubini na kikaratasi chake cha mahali na tarehe.

Kibanio kimelegea wiki ya tatu nimekifunga raba. Nyota 3, na muuzaji nikimuona namdai chenji ya jicho la sisimizi.