Kaboni ya mtu wa Houston na ya mtu wa Dar, nani apunguze wapi?

Mmarekani wa kawaida anatoa kama tani 14 za kabonidayoksaidi kwa mwaka, Mtanzania hata tani moja hafikishi, yani tusidanganyane mzigo haulingani kabisa na wa kwanza kubana ni huyo wa Houston. Kwake shida ni gari, kila kitu kiko mbali, afu AC inakula umeme ambao kwenye jimbo lake la Texas sehemu kubwa unatoka kwenye gesi. Akipunguza safari za ndege na akihamia gari ya umeme tofauti inaonekana haraka.

Wa Dar anapanda daladala au mwendokasi, kwake ishu ni mkaa. Zile tani za hapo juu zinahesabu mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji, miti inayokatwa kuchoma mkaa haimo, na moshi anauvuta mama jikoni na mtoto mgongoni! Presha kuka ya umeme inaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na umeme wetu sa hivi mwingi ni wa maji, bwawa la Nyerere pale Rufiji. Serikali inataka asilimia 80 tupikie nishati safi ifikapo 2034, safi sana, ila mkaa unanunua kopo la leo tu, jiko la umeme linataka hela yote mkononi, basi wauze kwa mkopo, watu walipe kidogokidogo kupitia LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla.