Kipimo cha Widal cha taifodi: kinafaa nini mgonjwa akianza kuweweseka?

Ni rahisi, majibu hutoka ukiwa bado kwenye benchi, na maabara nyingi za mtaani zinacho. Sifa zake zinaishia hapo. Tangu 1896 Widal inasaka kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya sehemu mbili za bakteria wa taifodi ziitwazo O na H. Bakteria mwenyewe haimgusi.

Kwenye slaidi, mikrolita 80 za seramu (maji ya damu) na tone la antijeni (bakteria wa taifodi waliouawa) ni sawa na seramu iliyozimuliwa 1:20. Mikrolita 5 ni 1:320. Unazungusha dakika moja, unasoma kama kuna chembechembe. Chupa ya antijeni isipotikiswa, au ikitumika ingali baridi ya friji, majibu hupotoka. Anayechelewa kusoma huona chembechembe za tone linalokauka ukingoni, akaandika "chanya". Hata 1:160 iliyosomwa vizuri yaweza kutoka kwa malaria, chanjo au taifodi ya zamani. Kinachohesabika ni sampuli mbili zilizopishana siku 7 hadi 14, kiwango kikipanda mara nne. Nani hurudi kutoa ya pili?

Kasoro hiyo inauma zaidi taifodi ikigusa ubongo, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu. Mgonjwa analala macho nusu wazi, ananong'ona peke yake, vidole vinadonoadonoa shuka. Mwingine anapepesuka kama mlevi, ulimi mzito. Mpakani mwa Malawi na Msumbiji mwaka 2009, wagonjwa 40 kati ya 303 walikuwa na dalili za mishipa ya fahamu. Baadhi yao, ukisukuma wayo juu, kifundo kilidundadunda chenyewe. Maji ya uti wa mgongo mara nyingi huwa safi, basi nyumbani husemwa ni malaria imepanda kichwani, au mashetani.

Kwa mgonjwa wa hivyo Widal haistahili hela yako. Pima malaria na sukari papo hapo, kisha lipia kuotesha damu maabara ili bakteria mwenyewe aonekane: mililita 8 hadi 10 kwa mtu mzima, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Nayo hukamata takriban nusu tu ya wagonjwa, na chupa yenye mililita 2 hukamata wachache zaidi. Majibu huchukua siku kadhaa. Sindano ya seftriaksoni, ambayo ni antibayotiki, haisubiri. Akiwa amezimia au ameduwaa, uliza daktari kuhusu deksamethasoni, dawa ya steroidi: utafiti wa Jakarta wa 1984 ulitoa miligramu 3 kwa kilo, kisha 1 kwa kilo kila saa 6 mara nane, vifo vikashuka kutoka zaidi ya nusu hadi asilimia 10. Hiyo ni ya wodini, si ya duka la dawa.