Mvinyo wa Mikoa Mitano kwa Meza ya Krismasi ya Pwani

Orodha nyingi za mvinyo wa sikukuu huandikwa kwa ajili ya watu wanaokula bata mzinga huku nje theluji ikianguka, na ndiyo maana mnunuzi wa Dar es Salaam anayezifuata hujikuta na chupa nzito ya Bordeaux, mvinyo mwekundu wa Ufaransa, inayogombana na pilau badala ya kuisindikiza. Tathmini hii inahusu mvinyo wa mikoa mitano niliyoipima kwa vigezo viwili: kwanza, kama unastahimili viungo vya meza yetu ya Desemba, yaani pilau, mbuzi wa kuchoma, kuku wa kupaka na kachumbari yenye pilipili, pili, kama kuna sababu ya kuuweka akiba katika nyumba isiyo na chumba cha chini ya ardhi. Kigezo cha kwanza kilipitisha mingi kuliko nilivyotarajia. Cha pili kilipitisha mmoja.

Dodoma inastahili kutangulia, na si kwa sababu ya uzalendo pekee. Mkoa huo una mvua chache za msimu mmoja na mji wake uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na kwa kuwa mzabibu wa huko haupati majira ya baridi ya kuulaza, mkulima huupogolea ili uchipue upya na kuvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza yapata mwezi Machi na ya pili kati ya Agosti na Septemba. Zabibu nyekundu iliyozoea mazingira hayo ni Makutupora. Mvinyo wake mkavu, usiobakiwa na sukari, si mzito. Una harufu inayokaribia zambarau mbivu, ukakasi wa wastani, na uchachu unaokata mafuta ya mbuzi vizuri kuliko mvinyo mwekundu wa bei kubwa uliolelewa katika mapipa mapya ya mwaloni. Kwa pilau ya nyama sikupata chupa nyingine yenye thamani kama hiyo kwa fedha iliyotumika. Mvinyo mtamu wa mkoa huohuo, ambao kwa kweli ndio wenye wapenzi wengi, unafaa zaidi baada ya chakula, kwa sababu sukari yake hufunika bizari na mdalasini. Lawama yangu ni kwa lebo: chupa nilizozipata hazikutaja mwaka wa mavuno, sembuse mavuno yenyewe kama ni ya Machi au ya Agosti, jambo ambalo mkoa wenye misimu miwili ungeweza kulifanya fahari yake. Bila taarifa hiyo hakuna cha kukusanya. Mvinyo huu unywewe ukiwa mchanga.

Nisisitize jambo moja kuhusu joto la kuandalia, kwa kuwa linaharibu mvinyo mwekundu mwingi kuliko makosa ya uchaguzi. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya, ambamo chumba kina nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Sebule ya Dar es Salaam mwezi Desemba hupita nyuzi 30, na katika joto hilo pombe hupanda puani kabla ya harufu ya zabibu. Nusu saa ndani ya jokofu inatosha kuirudishia chupa adabu yake.

Kwa kuku wa kupaka na samaki wa nazi nilichagua Chenin Blanc ya Swartland, kaskazini mwa Cape Town. Afrika Kusini inapanda zabibu hii nyeupe kuliko nchi nyingine yoyote, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mavuno iliishia kwenye brandi au mvinyo wa bei ya chini, hadi watengenezaji wapya walipoanza kuthamini mashamba ya zamani ambayo mizabibu yake hukua kama vichaka, mingi bila kumwagiliwa. Mzabibu mzee huzaa kidogo, na mvinyo wake huwa na uzito wa kinywani unaolingana na tui bila kuhitaji sukari. Mnunuzi atafute chupa yenye muhuri wa mradi wa mizabibu mizee wa nchi hiyo, ambao hutolewa kwa mashamba yenye miaka 35 au zaidi na huonyesha mwaka shamba lilipopandwa. Huo ndio uaminifu wa lebo ninaoutamani kwa Dodoma. Bei yake ni ya juu kuliko Chenin ya kawaida, lakini tofauti inaonekana tangu funda la kwanza.

Riesling, zabibu nyeupe ya bonde la Mosel, Ujerumani, nitaitaja kwa ufupi kwa sababu kazi yake ni moja na inaifanya kikamilifu. Aina iitwayo Kabinett, ile yenye utamu kidogo, mara nyingi huwa na pombe ya asilimia 8 au 9 tu. Utamu huo hupoza pilipili, na uchachu wake mkali huuzuia usichoshe. Kwa mishkaki na kachumbari kali sijui mbadala wake.

Mvinyo wa Kakheti, mashariki mwa nchi ya Georgia, ndio uliozua mabishano mezani. Huko zabibu nyeupe aina ya Rkatsiteli huchachushwa pamoja na maganda na kokwa zake ndani ya qvevri, mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini na kupakwa nta ya nyuki kwa ndani, utaratibu ambao UNESCO iliuorodhesha katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Mvinyo hukaa na maganda kwa miezi kadhaa, ukatoka na rangi ya kaharabu na ukakasi unaofanana na chai ya rangi iliyoachwa jikoni muda mrefu. Ukinywewa peke yake unaweza kumfukuza mgeni. Ukiwekwa kando ya biriani, ukakasi huo hushikana na samli na vitunguu vya kukaanga, na wageni wawili waliokuwa wameukataa mwanzoni waliomba kuongezewa. Hata hivyo siwezi kuupendekeza kwa mwenyeji ambaye hajui ladha za wageni wake, na kuupata katika maduka yetu ni kazi.

Linabaki suala la ukusanyaji. Chupa inayokusudiwa kukaa miaka mingi huhitaji giza na joto lisilobadilika, karibu nyuzi 12 hadi 14, ilhali kabati la nyumba ya pwani hupika mvinyo polepole hadi harufu ya matunda mabichi ikageuka ya matunda yaliyochemshwa. Jokofu maalumu husaidia mradi umeme haukatiki mara kwa mara. Mimi nimeuchagua mvinyo wa kisiwa cha Madeira, Ureno, kwa sababu joto limo katika utengenezaji wake. Zamani mapipa yaliyovuka bahari za tropiki yalionekana kuboreka kwa safari hiyo; leo mvinyo, ukiwa tayari umeongezewa pombe kali ya zabibu hadi kufikia karibu asilimia 19, hupashwa joto kwenye matangi kwa angalau miezi mitatu, au, kwa ule wa daraja la juu, huachwa kwenye mapipa darini penye joto la jua kwa miaka. Ule uitwao frasqueira hukaa katika pipa si chini ya miaka 20 kabla ya kutiwa chupani. Kati ya zabibu zinazoupa jina, Sercial ndiyo kavu, Verdelho na Bual hufuata kwa utamu, na Malvasia ni tamu kupita zote.

Nililetewa Bual ya miaka 10 na msafiri aliyetoka Lisbon, na niliiandaa pamoja na keki ya matunda na halua ya Zanzibar. Uchachu wake chini ya utamu uliizuia halua isielemee ulimi, kazi ambayo mvinyo mtamu wa kawaida hauiwezi. Bei ya chupa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote nne zilizotangulia, ingawa bilauri zake ni ndogo na chupa iliyofunguliwa huweza kukaa miezi bila kuharibika. Mkusanyaji aisimamishe wima badala ya kuilaza, kwa sababu pombe na uchachu wake hula kizibo, na anunue ile iliyoandikwa jina la zabibu na umri.